Gari la Viti Viwili

Pale Thornton Heath, kusini mwa London, Mtanzania mwenye shida ya usafiri hakuhangaika kutafuta teksi. Alimpigia simu Severin. Mgeni anashuka Heathrow alfajiri, Severin. Kwaya inakwenda Reading kuimba kwenye harusi, Severin. Kuna msiba na wafiwa hawajui njia ya makaburini, Severin huyo huyo. Alikuwa karani wa manispaa kule Croydon, idara ya vibali vya kuegesha magari, mtu wa Bukoba, mpole, mwenye kitambi cha heshima, na kosa lake la kwanza lilikuwa kumiliki gari la viti saba. Kosa la pili, na hili ndilo lililomponza, ni kwamba neno "hapana" lilikuwa halimtoki kinywani. Mkewe Eufrasia alikuwa akimtania kwamba hata wezi wakiingia ndani atawauliza kama wana lifti ya kurudia.

Eufrasia alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alipoanza kuumwa nyonga, wote wawili walisema ni kazi, ni kunyanyua wale vikongwe kutoka kitandani kila siku. Hawakutaka kukumbuka kwamba miaka michache nyuma alikuwa ametibiwa titi. Dawa za maumivu zikaongezeka, usingizi ukapungua, hatimaye daktari akaagiza vipimo, na siku ya majibu ikafika.

Sasa sikiliza aliyoyafanya Severin siku hiyo. Jioni ya kuamkia siku ya majibu, Method alikuwa amepiga simu. Method ni rafiki yake tangu seminari, na pale London alikuwa mwenyekiti wa chama cha Watanzania, mtu wa kupanga mambo ya watu wote kwa kutumia gari la mtu mmoja. Kulikuwa na bwana na bibi waliokuja kwenye mahafali ya mtoto wao, wanarudi Dar, wana masanduku makubwa. Je, Severin angewapeleka Heathrow? Severin aliijua vizuri siku yenyewe. Akasema, "Sawa, hakuna shida." Kwa hiyo wakati daktari anawaeleza yeye na Eufrasia kwamba saratani imerudi, na kwamba safari hii imeingia kwenye mifupa ya nyonga na uti wa mgongo, wageni wawili walikuwa wamekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali, wanakula biskuti.

Daktari hakuzunguka. Alisema maumivu yatapunguzwa, ugonjwa hautaondoka. Eufrasia aliuliza swali moja tu, kama ataweza kurudi kazini, na daktari akatikisa kichwa. Walitoka wameshikana mikono mpaka kwenye lifti, na mpaka kwenye mlango wa nje, na walipoliona gari wakaachiana.

"Mmeshapata hizo dawa?" yule bibi aliuliza kutoka kiti cha nyuma, maana Severin alikuwa amewaambia wanapitia dawa.

"Tumeshapata," Severin akasema.

Njia nzima yule bibi alizungumzia uzito wa masanduku, kama watatozwa au watahurumiwa, na Eufrasia akawa anamjibu huku anatazama mbele: ndiyo dada, pole dada, watawaelewa tu. Bwana naye alikuwa amejiinamisha katikati ya viti vya mbele, anauliza bei za magari ya mtumba. Severin alitaka kumshika mkewe mkono. Mkono wenyewe ulikuwa pale, juu ya goti, lakini kichwa cha mgeni kilikuwa katikati. Walipowashusha na kuanza kurudi, Eufrasia alifumba macho. Labda alilala, labda hakulala. Nyumbani alipika, wakala, na kilio ambacho kilikuwa kitoke saa ile ile hakikutoka tena.

Severin hakujisamehe. Mtu mwingine angechukua simu akamwambia Method, mke wangu anaumwa sana, mtafute gari lingine. Lakini huyu alikuwa Severin, na zaidi ya hapo, kwao walikolelewa ugonjwa kama huo hausemwi. Kiwanja hutajwa hati ikishasainiwa, mimba hutajwa ikishaonekana, na ugonjwa mkubwa huitwa malaria mpaka mtu anapolazwa. Wakawa wanasema kwamba Eufrasia ana baridi yabisi. Watu wakampa pole ya baridi yabisi, wakaendelea kuomba lifti.

Ndipo lilipomjia wazo la gari la viti viwili. Alilipata ofisini, wakati wa chakula cha mchana, ameikodolea macho kompyuta, na lilimfurahisha mpaka akaacha kutafuna. Gari dogo la michezo, paa la kitambaa linalokunjwa, kiti cha dereva na kiti cha mke, basi. Nani atamwomba apeleke masanduku Heathrow kwa gari la namna hiyo? Hangelazimika kumkatalia mtu yeyote. Na majira yakianza kupata joto, yeye na Eufrasia wangeshuka mpaka Brighton paa likiwa wazi, wakazungumza yale yaliyokwama kooni tangu hospitali. Muda wenyewe haukuwa mwingi, na hilo alilijua kuliko alivyotaka kulijua.

Akawa mwanafunzi wa magari. Sharti lake la kwanza lilikuwa gari lisukumwe na magurudumu ya nyuma, kwa sababu alijifunza kuendesha kwenye Peugeot ya parokia, pikapu iliyokuwa ikipanda matope ya Kagera matako yakiyumba huku na huku, na tangu hapo aliyahesabu magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele kuwa ni mashine za kufulia zilizowekewa usukani. Sharti la pili lilikuwa bei ya karani. Akazitazama MG za zamani, akazipenda kwa sura, akaziacha kwa sababu hakutaka gari ambalo nalo lingekuwa mgonjwa wa kuuguzwa. Akaitazama ile Toyota yenye injini nyuma ya viti, akaona haina mahali pa kuweka hata mfuko wa dawa. BMW ndogo ilimshinda kwa bima. Mwisho akatua kwenye Mazda MX-5, nyepesi, rahisi, vipuri vyake vinapatikana kila kona, na kila aliyewahi kuwa nayo aliisifu kama mtu anayemsifu mchumba.

Eufrasia hakuambiwa kitu. Gari nalo lilikuwa miongoni mwa mambo yasiyotajwa mpaka yaingie nyumbani. Kila Jumamosi Severin aliaga kwamba anatoka kidogo, na mkewe akadhani ni wageni wa Method kama kawaida. Hakuuliza. Aliyatazama magari ya watu kupitia dirishani, akaisubiri jioni. Siku ya kwanza Severin alikwenda kuona gari jekundu kule Mitcham. Lilikuwa limepakwa rangi mpya chini ya milango, akabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama kwenye kutu. Chumvi wanayoimwaga barabarani wakati wa theluji ndiyo hiyo. Siku nyingine aliona la bluu ambalo klachi yake ilikuwa inateleza, injini inalia na gari haliondoki. Alirudi nyumbani amechoka lakini amechangamka, akamkuta Eufrasia ameanza kushuka ngazi kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye reli. Jumamosi zote zile alikuwa mbali naye akitafuta gari la kuwa karibu naye. Lingekuwa jambo la kuchekesha kama angekuwa mtu mwingine.

Gari lenyewe alilipata Queensbury, kwa Suresh. Suresh alizaliwa Bukoba, baba yake alikuwa na duka la vipuri pale mjini, na ingawa alikuwa London tangu ujana, Kiswahili chake kilikuwa bado kina vumbi la kule. Alikuwa na duka la matairi, na hiyo Mazda ya kijani ilikuwa ya mwanawe aliyehamia Canada.

Severin alilikagua kama daktari wa jeshi. Alilala chini kwenye saruji akiwa na suruali ya kanisani, akagonga kingo za milango, akachungulia difu ya magurudumu ya nyuma kama inavuja. Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa. Alikunja paa akalikunjua, akatafuta nyufa kwenye kioo cha plastiki. Kisha akaketi kwenye usukani, Suresh akajikunja kando yake, wakaizunguka mitaa ya pale, na kila Severin alipokata kona aliisikia ile nguvu ikimsukuma mgongoni, nguvu ya Peugeot ya parokia, akatabasamu bila kutaka.

"Gia tamu, eh?" Suresh alisema.

"Tamu mno, bwana."

"Nani atakaa huku nilipo mimi? Mama?"

"Mama, ndiyo. Ila hajui. Usije ukamwambia mtu pale Croydon."

Suresh alikuwa anajitoa garini wakati huo. Alishika mlango kwa mkono mmoja na paa kwa mwingine, akaguna, akasimama akijishika kiuno. "Ndugu yangu, hii chini sana. Mimi nimeshindwa kutoka. Mlete mama akae kwanza, aone. Kesho mlete, siuzi kwa mtu mwingine, haki ya Mungu."

"Likishafika nyumbani ataliona," Severin akasema. "Akiliona kabla, si zawadi tena."

"Zawadi gani, bwana, mtu hajajaribu? Hata kiatu tunajaribu."

Severin alicheka, akampiga bega. Neno lilimpita sikioni likaenda zake. Mtu aliyekuwa amepima kutu, oili, klachi, tairi na difu hakupima kitu kimoja tu, umbali kutoka kwenye kile kiti mpaka chini. Na angekipimaje, wakati kila alipofikiria kile kiti alimwona Eufrasia ameshakaa ndani yake? Kumwona akikaa hakukumjia akilini. Wakakubaliana, na lile gari la viti saba akalichukua mpwa wa Suresh mwenye watoto wengi, akaondoka nalo siku hiyo hiyo.

Ilikuwa mwezi wa tatu, jua limetoka lakini baridi haijaisha. Severin alipiga honi mlangoni kwake mara mbili. Eufrasia alichukua muda, kisha akatokea na fimbo yake na koti la mvua, amejifunga kitambaa kichwani.

"La nani hili?"

"Letu, Mama Winnie."

Aliliangalia mbele, akaliangalia nyuma. "Wengine wanakaa wapi?"

"Hakuna wengine. Viti viwili tu."

Hapo Eufrasia alicheka, kicheko cha kweli ambacho Severin hakuwa amekisikia tangu kabla ya vipimo, na kwa dakika hiyo moja mwanaume yule alikuwa na haki ya kuwa na furaha, tusimnyime. Akamfungulia mlango. Eufrasia akasogea, akageuka, akatafuta kiti kwa mkono nyuma yake, na mkono ukaenda chini, ukaenda chini, usikipate. Kilikuwa usawa wa magoti yake. Nyonga ilikuwa haikunjiki tena namna hiyo. Severin alimshika makwapani, akawa anamteremsha polepole kama anavyoteremshwa mtoto kwenye karai la maji, na Eufrasia akauma kitambaa chake cha kichwani ili majirani wasimsikie.

"Tumwache tu, kama inauma," Severin akasema, akimaanisha gari, wala hakujua tena anasema nini.

"Endesha," Eufrasia akasema. "Nimeshaingia, endesha."

Akaendesha. Alishuka barabara ya maduka, kila tuta likiwarusha, maana gari la namna ile halifichi kitu, jiwe la barabarani unalisikia mpaka kwenye meno. Alikunja paa ili mkewe apate hewa. Akaanza kumweleza jinsi magurudumu ya nyuma yanavyosukuma na ya mbele yanabaki huru kuongoza, ndiyo maana linatii. Eufrasia alikuwa amefumba macho, na Severin akadhani ni upepo. Karibu na Croydon walivuka reli za tramu. Zilikuwa ngumi mbili za haraka kutoka chini, na Eufrasia akamshika mkono kwa nguvu iliyomshtua.

"Baba Winnie. Turudi."

Walirudi taratibu, magari yanawapigia honi nyuma. Mlangoni Severin alizima injini, akazunguka, akainama kumtoa. Ikashindikana. Kumteremsha kulikuwa kazi, kumpandisha hakukuwezekana kabisa. Mara ya kwanza alipojaribu, Eufrasia alilia kwa sauti. Mara ya pili alimsukuma mumewe kwa kiganja kifuani.

"Acha. Kaa kwanza. Rudi kwenye kiti chako."

Severin akarudi. Akainua paa maana mvua nyepesi ilikuwa imeanza. Wakakaa ndani ya kile kijumba cha kitambaa, mabega yanagusana, na pale ndipo Severin alipolia. Alimweleza yote, ile siku ya hospitali, kile kichwa cha mgeni katikati yao, Brighton, Jumamosi zote zile. Eufrasia alimsikiliza.

"Kumbe ulikuwa unatafuta gari," akasema. "Mimi nilikuwa nakaa pale dirishani nakungoja."

Kabla hajamjibu, simu ikalia. Ilikuwa ya Method. Severin angeweza kuiacha ilie, lakini vidole vyake vilishazoea.

"Severin! Kuna akina mama wanne, wanashuka Gatwick kesho mchana, nimewaambia wasihangaike na treni."

"Method," Severin akasema, akajikohoza. "Nimebadilisha gari. Hili lina viti viwili tu."

"Viwili? Umerudi ujana, mzee? Basi uende mara mbili, Gatwick si mbali!"

"Tuone," Severin akasema. "Nitakwambia." Akakata.

Mvua ilikuwa inagonga kitambaa juu yao. Eufrasia alimwangalia bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi.

"Umejisikia ulivyomjibu?" aliuliza. "Hukumwambia mke wangu anaumwa. Umemwambia viti viwili."

"Nilidhani hutaki watu wajue."

"Sikutaka wajue kwa mdomo wangu. Nilitaka mume wangu awaambie: mwacheni mke wangu, niacheni naye. Tangu siku ile nangoja useme. Gari la viti saba lilikuwa linatosha, Baba Winnie. Nilikuwa naingia nimesimama wima."

Walikaa hivyo mpaka midomo ya Eufrasia ilipoanza kubadilika rangi kwa baridi na maumivu, ndipo akasema haya, sasa waite watu. Wahudumu wa ambulansi walikuja, kijana mmoja na mama mmoja, wakampiga sindano ya maumivu na kumtoa kwa shuka, na ilichukua muda, na mtaa mzima ulitazama. Ndani ya ambulansi yule mama alikaa kati ya Severin na mkewe kwa sababu ndipo mashine zilipokuwa. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Daktari alisema ungevunjika tu, kama si leo kesho, kwa ngazi au kwa kikohozi. Alisema hivyo kwa wema, na Severin hakumwamini hata siku moja.

Eufrasia hakurudi tena nyumbani. Sasa hapakuwa na baridi yabisi ya kumsingizia, habari zikaenea, na watu wakaja. Wale wote aliowachukua Severin Heathrow na Gatwick na makaburini walikuja, kwa upendo wa kweli, na chupa za chai, na chapati kwenye foili, na rozari. Manesi walimpa mgonjwa chumba cha peke yake, na chumba hakikuwahi kuwa na mtu mmoja. Severin alikuwa akiketi karibu na kichwa cha mkewe mpaka aingie mtu mzima zaidi yake, hapo anasimama, anampisha kiti, anarudi nyuma, na kila alipoingia mwingine alirudi nyuma tena, mpaka akawa anamwona mkewe kutoka mlangoni, kati ya mabega ya watu. Binti yao Winnie alikuja kutoka Leeds. "Dad, just tell them to go," akamwambia koridoni. Akasema ndiyo, atawaambia.

Alasiri moja Method alikuja na kwaya. Wakajipanga ukutani, wakaanza kuimba kwa sauti ya chini. Eufrasia alifumbua macho, akatafuta, akampata Severin kule mlangoni.

"Baba Winnie," akasema. "Waambie."

Hakuwa na pumzi ya kumalizia, lakini wala Severin hakuhitaji amalizie. Aliufungua mdomo. Akawatazama wale watu, wametoka kazini, wengine wamebadilisha treni mara mbili, makoti bado yana maji ya mvua, wanamwimbia mkewe kwa machozi. Wakamgeukia wote, wakangoja aseme.

"Mmesimama muda mrefu," Severin akasema. "Ngojeni niwatafutie viti."

Alishuka mpaka chumba cha kusubiria cha chini, maana viti vya juu vilikuwa vimeshamalizwa na wageni wake mwenyewe. Akaomba ruhusa kwa mhudumu, akasubiri ajibiwe, akashukuru. Akapanda na viti vya plastiki amevipachika kifuani, kidevu juu ya cha mwisho. Alipofika kwenye korido hakusikia wimbo, alisikia kilio cha Winnie. Walikuwa wametoka wote nje ya chumba, wamejipanga pande mbili za ukuta, wamempisha njia.